Barua za Chama ni Mali ya Wanachama



Nimezoea kuwaandikia habari za katiba, za uchaguzi na za haki ya raia anaposimama mbele ya ofisi ya umma. Leo naomba mnivumilie, kwani nataka kusema juu ya programu ya kompyuta, yaani ile ambayo chama kidogo huichagua ili kihifadhi barua pepe zake. Najua linasikika kuwa jambo la mafundi. Kwa maoni yangu ni jambo la raia kwanza, na fundi huitwa baadaye.

Mutoyi, katika tarafa ya Bugendana mkoani Gitega, ni mahali ambapo watu wamezoea kujiunga pamoja. Parokia yake, hospitali yake na shughuli za ushirika zilizoanza kwa msaada wa wamisionari na watu wa kujitolea kutoka Italia zinajulikana mbali na hapo. Chama ninachokisimulia si kimojawapo cha hivyo vikubwa. Ni chama cha wafugaji nyuki wasiofika hamsini. Hakina ofisi, kina kompyuta mpakato moja iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika na mtu mwingine. Mimi nakisaidia kwa jambo moja tu, nalo ni kuandika barua za Kiswahili, kwa maana asali yao hupita Muyinga ikavuka mpaka pale Kobero, na wanunuzi wa upande wa Tanzania, wa Kabanga na Ngara, huandikiana nao kwa lugha hii tunayojifunza. Ndivyo mwalimu wa lugha alivyojikuta ameingizwa katika mambo ya biashara.

Katibu wetu alipata kazi mbali, akaagana nasi vizuri, bila ugomvi wowote. Miezi michache baadaye mnunuzi mmoja akadai kwamba bei tuliyokubaliana naye kwa madumu ishirini ilikuwa chini ya ile tuliyokuwa tukiikumbuka sisi. Tulijua kwamba barua ipo. Niliitunga mimi mwenyewe nikiwa nimeketi kando ya katibu; lakini bei ilijadiliwa mara tatu, na ile ya mara ya tatu, ambayo ndiyo iliyoandikwa, sikuikumbuka kwa hakika. Barua ilikuwa imetumwa kutoka anwani binafsi ya katibu, aliyoifungua tangu alipokuwa mwanafunzi. Nywila alikuwa ameisahau, kwa kuwa ni simu yake iliyokuwa ikimkumbushia, na simu hiyo iliibwa. Msimbo wa kurudishiwa akaunti ulikuwa ukitumwa kwenye namba iliyokwisha kufungwa. Tukauza kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Huenda ndiye aliyekuwa mkweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: hata leo siwezi kusema kama tulidhulumiwa au tulikuwa karibu kumdhulumu mwenzetu.

Kikao kilichofuata, mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye hajawahi kugusa kompyuta, aliniuliza, "Mwalimu, daftari la fedha mimi hulilalia, liko chini ya mto wangu kila usiku. Hizo barua ninyi mlikuwa mmezilaza wapi?"

Watu walicheka. Mimi sikuwa na jibu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumeitii methali hiyo katika fedha peke yake. Hakuna chama, hata kiwe kidogo namna gani, kitakachokubali mtu mmoja aweke fedha za wote mfukoni mwake bila maandishi. Lakini ahadi, bei, maombi, malalamiko na majibu ya serikali, yaani maneno yote ambayo fedha hizo huyafuata, tunamwachia katibu ayaweke mfukoni mwake, ndani ya simu. Akiondoka, anaondoka nayo bila hata kukusudia.

Kabla ya programu, tuyatazame maneno, maana wengi hununua kitu kibaya kwa sababu ya kuchanganya maneno mawili. Kuna nakala ya akiba, na kuna hifadhi ya nyaraka. Nakala ya akiba hunakili hali ya kompyuta ilivyo leo, ili ikianguka kesho uirudishe kama ilivyokuwa. Ni jambo jema, lakini haina kumbukumbu ndefu: mtu akifuta barua mwezi wa Machi, nakala zitakazofanywa mwezi wa Juni hazitakuwa na barua hiyo. Hifadhi ya nyaraka ni kitu kingine. Huishika kila barua kama ilivyotumwa au ilivyopokewa, pamoja na tarehe yake, majina ya waandikianaji na viambatisho vyake, na haimruhusu mtu kuirekebisha baada ya hapo. Katika ofisi za Tanzania kuna chumba kiitwacho masijala, neno lenye asili ya Kiarabu lililo jamaa ya sijili. Barua inayoingia hupelekwa kwanza masijala, hupewa namba, huwekwa katika jalada lake, ndipo humfikia mkubwa. Mkubwa akibadilishwa, jalada hubaki. Programu ya kuhifadhi barua pepe ni masijala, basi. Mkilielewa neno hilo mmekwisha kuelewa nusu ya shughuli.

Vijana wa chama walileta mapendekezo matatu, na yote yalikuwa na hoja.

La kwanza lilikuwa kujiandikisha kwa huduma ya kampuni kubwa, kama ile ya Google iitwayo Vault, au ile ya Microsoft. Huduma hizi hufanya kazi vizuri: barua hushikwa hata kama mwenyewe ameifuta, na msimamizi anaweza kutafuta neno moja katika miaka mingi. Lakini hulipiwa kwa kila mtumiaji, kila mwezi au kila mwaka, kwa fedha za kigeni na mara nyingi kwa kadi ya benki. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya mafuta katika nchi yetu anajua uhaba wa fedha za kigeni una maana gani. Chama kinachouza asali kwa msimu hakiwezi kuahidi malipo ya kila mwezi. Na siku malipo yanapokwama, kumbukumbu zote ziko nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine. Sisemi kampuni hizo ni mbaya. Nasema tu kwamba mpangaji na mwenye nyumba hawana haki sawa.

La pili lilinivutia sana. Ipo programu huria iitwayo Piler, ambayo huwekwa kwenye seva yenye mfumo wa Linux. Seva ya barua hupeleka kwake nakala ya kila barua papo hapo inapopita, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kuifuta. Kwa utaratibu, hiyo ndiyo masijala ya kweli kweli. Haina ada, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma. Lakini inataka chama kiwe na anwani zake chenyewe na seva ya barua inayokitii, umeme usiokatika ovyo, na mtu anayeijua Linux. Kijana aliyeipendekeza anajua kidogo. Nikamuuliza, "Ukipata kazi Bujumbura mwakani, nani ataitazama?" Akanyamaza, kwa sababu alijua ya katibu. Tungekuwa tumetoka kwenye simu ya mtu mmoja na kuingia kwenye kichwa cha mtu mmoja. Kwa shule kubwa au hospitali yenye fundi wake ningeipendekeza leo hii.

La tatu lilikuwa MailStore Home, programu rahisi ya Windows inayovuta barua kutoka akaunti nyingi na kuzitafuta upesi. Ni ya bure, ila ni ya bure kwa matumizi ya mtu binafsi. Kwa taasisi wenyewe wanauza toleo jingine. "Nani atajua, Mwalimu?" akauliza mmoja. Nilimjibu kwamba tutajua sisi. Chama kinachoanza kutunza ushahidi wa uaminifu wake kwa kuvunja masharti ya matumizi kimeshaandika barua yake ya kwanza ya aibu. Hapo sikutaka mjadala mrefu.

Nilichopendekeza mimi ni cha kawaida kabisa, na huenda kikawachosha wapenda mitambo. Ni Thunderbird, programu huria ya kusomea barua, ambayo leseni yake haibagui mtu na chama, na ambayo ina sura ya Kifaransa wanayoielewa wote waliopita shule zetu. Huvuta barua kutoka akaunti yoyote ya kawaida, na barua zilizonakiliwa kwenye makabrasha yake ya ndani huziweka katika faili za aina iitwayo mbox. Aina hii ilianza katika kompyuta za Unix za miaka ya 1970. Ni maandishi matupu, barua moja baada ya nyingine, na programu nyingi sana zinaweza kuyasoma. Hata Google, mtu akiomba apakue barua zake zote za Gmail, humpa kwa aina hiyo hiyo.

Tahadhari moja, kwa sababu imewaponza wengi. Kabrasha unaloliona ndani ya Thunderbird, likiwa limeunganishwa na akaunti yako, ni kioo tu cha kilichoko kwenye seva. Barua ikifutwa kule, hutoweka na huku. Lazima barua zinakiliwe kwenye makabrasha ya ndani, yale yaliyoko kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Ni tendo la dakika chache, na mtu asiyelitenda hana hifadhi yoyote, ingawa anaiona orodha ndefu ya barua mbele yake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji au mpendekezaji wa programu yoyote si jinsi barua zitakavyoingia. Kuingia ni rahisi daima; kila duka lina mlango mpana mbele. Namuuliza: siku tukitaka kuhama, tutatoka na nini mkononi? Akisema mbox, au EML ambayo kila barua huwa faili lake, naendelea kumsikiliza. Akisema barua hukaa katika umbo ambalo programu yake peke yake ndiyo inayolifungua, namshukuru na kuondoka. Wingi wa vitufe, rangi za kurasa na kasi ya kutafuta ni mambo ya baadaye. Chama cha watu hamsini hakiandiki barua nyingi kiasi hicho.

Wapo waliouliza kwa nini tusiache barua zote kwenye sanduku la bure la Gmail, kwa kuwa nafasi bado ipo. Nafasi hiyo ni gigabaiti 15, na huliwa pia na picha na faili nyingine za akaunti hiyo. Lakini hatari kubwa haiko kwenye nafasi. Tangu Desemba 2023 Google inaweza kuifuta akaunti binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili, pamoja na barua zake zote. Fikirini chama kilicholala kwa misimu miwili ya njaa kisha kikaamka. Anwani ya bure inafaa kupokelea barua. Hakuna aliyeahidi kwamba ni masijala.

Mtu atasema, Mwalimu unakuza mambo. Barua za asali si nyaraka za taifa. Ni kweli. Lakini swali la nani ashike maandishi ya nani ni lile lile, na Afrika Mashariki imelilipia.

Wakenya walipokaribia uhuru mwaka 1963, maofisa wa Uingereza walichagua majalada, wakachoma baadhi na mengine wakayasafirisha kwao kimyakimya. Yalikaa kwa miongo katika jengo la serikali liitwalo Hanslope Park, na Wakenya walioyadai hawakupewa. Ndipo wazee walioteswa katika kambi za miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, na mwaka 2011 ikakiri kwamba inayo majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni yake 37 ya zamani. Juni 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Wazee hao walikuwa na kovu mwilini na ushuhuda mdomoni. Lakini walichokuwa wakikisema kwa nusu karne kiliwekwa mezani pamoja na karatasi za wale wale waliowatesa, na hapo kukana kukawa kugumu.

Nasi huku hatuko mbali na kisa hicho. Nyaraka nyingi za utawala wa Kibelgiji katika Ruanda-Urundi ziko Brussels. Mwanafunzi wa historia wa Gitega anayetaka kuzisoma zenyewe, aone kilima cha babu yake kilivyotozwa kodi na kutawaliwa, mara nyingi hana budi kwanza kuomba viza. Sitaki kulinganisha mateso na madumu ya asali. Nataka mwone tu kwamba anayeshika barua ndiye anayepewa neno la mwisho, na kwamba tabia ya kuacha maandishi yetu mikononi mwa wengine huanza katika vyama vyetu vidogo.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka kuhifadhi kila kitu milele. Katika barua za chama zimo habari za mwanachama mgonjwa aliyeomba kusamehewa mchango, na za mwingine aliyekopa kwa siri ya mke wake. Nchi zinazotuzunguka zimeweka sheria za kulinda taarifa za watu: Kenya na Uganda mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na hiyo ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023. Wanunuzi wetu wako Tanzania, na majina na namba zao za simu zimo katika barua zetu. Ni haki na heshima kutozishika kuliko zinavyohitajika. Tuliamua kwamba barua za mikataba, fedha na serikali zikae miaka kumi. Nyingine zikae miwili, kisha zifutwe mbele ya mashahidi. Kila mwanachama aliambiwa kwamba anayeandika kwa anwani ya chama anaandikia chama, wala si katibu. Uamuzi huo ulichukua alasiri nzima, zaidi ya muda tuliotumia kwa programu, na nadhani ndivyo inavyostahili.

Juu ya mazungumzo ya WhatsApp, ambako nusu ya maamuzi yetu hufanyika, sina suluhisho zuri. Tumekubaliana tu kwamba bei iliyokubaliwa huko haijakubaliwa mpaka iandikwe kwa barua pepe.

Lilibaki tatizo moja. Thunderbird haimzuii mtu kufuta wala kubadilisha, na faili la maandishi matupu linaweza kuharibiwa na yeyote mwenye nia mbaya na dakika tano. Masijala yenye nguvu kama Piler hulitatua hilo yenyewe. Sisi tulilitatua kwa kalamu. Ipo hesabu iitwayo SHA-256, ambayo programu ndogo, tena ya bure, huifanya juu ya faili lolote na kutoa mfululizo wa tarakimu na herufi 64. Badilisha mkato mmoja katika faili, na mfululizo wote hugeuka. Kila mwisho wa mwezi barua za mwezi huo hufungwa katika faili lake, ambalo haliandikwi tena. Hunakiliwa kwenye diski mbili za nje. Kisha mfululizo husomwa kwa sauti mbele ya kikao na kuandikwa katika daftari la mikutano. Haumzuii mwizi, lakini alichokifanya kitaonekana.

Mwandishi wa mfululizo huo ni mama mweka hazina. Mara ya kwanza alilalamika kwamba haya si maneno ya lugha yoyote aijuayo. Akaandika hata hivyo, herufi moja moja, huku kijana akimsomea na mwingine akimfuata kwa kidole. Alipomaliza alitaka kuona kama ni kweli. Kijana akafungua nakala ya faili, akaongeza nukta moja mwishoni mwa barua moja, akapiga hesabu upya. Mama akaulinganisha mfululizo mpya na ule wa daftarini, akaona haufanani hata mwanzo wake. Akasema, "Basi hili nitalilalia pia." Diski moja sasa iko kwake pamoja na madaftari yote mawili, ya pili iko mjini Gitega, kwangu, na sina nywila ya anwani ya chama, jambo nililoliomba mwenyewe.

Anwani mpya ni ya chama. Nywila yake wanaijua watu watatu, na laini ya simu inayopokea misimbo imewekwa katika kisanduku cha bati pamoja na muhuri. Barua za zamani bado zimefungiwa katika akaunti ya katibu wetu wa kwanza, naye amejaribu kuifungua mara nyingi bila mafanikio. Mwezi uliopita tuliamua kumwandikia yule yule mnunuzi wa ng'ambo ya Kobero, kwa karatasi na muhuri, tukimwomba nakala za barua tulizowahi kumpelekea. Niliitunga barua hiyo kwa Kiswahili cha adabu kadiri nilivyoweza. Amejibu kwamba atazitafuta.